Makohozi ya Wifi

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ningepewa kuchagua ningeisahau. Nilikuwa nimeolewa karibuni hapa Olasiti, na kikohozi kilinishika tangu mavuno. Nikasema ni vumbi la mahindi. Mama mkwe akanichemshia mizizi ya mlimani, akawa analala nami chumba kimoja ili aniangalie, maana mume wangu alikuwa machimboni.

Ndipo akaja Mama Anaeli, mhudumu wa afya wa kujitolea, aliyepita nyumba kwa nyumba kutafuta wenye kifua kikuu wasiojijua. Akanipa kikopo. "Ukiamka kesho, kohoa kutoka kifuani. Usiniwekee mate. Nitakipitia."

Mwanangu, siku hizo ukisikika una TB, majirani wanamalizia wenyewe kwamba una ukimwi. Nami sijazaa bado, nikaogopa kurudishwa kwetu. Asubuhi nikamwomba wifi yangu Neema, aliyekuwa na mafua tu, anikoholee. Akacheka, akakohoa. Majibu yakaja safi. Mama mkwe akamshukuru Mungu kwa sauti, akaendelea kulala pembeni yangu.

Hapo ndipo ninapojichukia. Kabla ya masika mama mkwe akaanza kukonda na kutoka jasho. Alipofikishwa hospitali, mapafu yalikuwa yameshaharibika. Mama Anaeli akaja kutupima wote wa nyumbani, nikashindwa kumtazama, nikamweleza. Akasema, "Sikuja kukuaibisha, mama. Ungeniwekea ya kwako, ungeanza dawa wiki ileile. Pengine mama mkwe wako asingeugua."

Nikaenda wodini kuungama. Mama mkwe hakunigombeza. Alinishika mkono, akaniuliza, "Mwanangu, kwani mimi ningekufukuza?" Ningepigwa nisingeumia vile. Mimi nilimeza dawa miezi sita, nikapona. Yeye tukamzika kwenye migomba nyuma ya nyumba.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walisema kweli, ila hawakunionya kwamba kifo kinaweza kuniruka mimi kikamchukua aliyenipikia loshoro, mahindi yale ya maziwa mgando.

Sasa juzi nilikusikia ukimwambia mhudumu kwamba kikohozi chako ni vumbi la sokoni Kwa Mrombo. Huenda ni vumbi kweli, sibishi. Lakini wiki mbili zimepita, na unalala na watoto. Kapime kesho. Ukipewa kikopo, makohozi yawe yako, hata kama jirani anachungulia. Dawa ni bure, na ukianza usiziache njiani eti umepata nafuu. Aibu ya kupimwa ni ya siku moja. Hii yangu nimezeeka nayo.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe kifua chepesi na uzee mrefu, wanao wakuzike wewe, na usije ukamzika mtu kwa sababu ya siri yako.