Nilimsukuma mume wangu kilimani, wakampiga mtu mwingine

Admin, nifichie jina na kijiji, mengine yaache kama nilivyoyatuma. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nina watoto watatu. Zamani niliuzaga nguo Musoma mjini, sasa niko kijijini kwa mume wangu, wilaya ya Butiama, namuuguza. Majina niliyotumia humu siyo yao.

Baba Wambura alianza kunipiga mimba ya kwanza ikiwa na miezi mitano. Amenivunja mkono mara mbili. Siku moja alinipiga na mpini wa jembe mbele ya mama yake, mama akaniambia, "Vumilia mwanangu, hata mimi nilipigwaga." Zahanati nilikuwaga nasema nimeanguka na baiskeli, mpaka nesi akaniuliza hiyo baiskeli nitaiuza lini.

Kwetu kila Kwaresima waumini tunafanya Njia ya Msalaba kwa kuzunguka kilima. Tunaanzia shuleni, tunapanda taratibu upande wa mashariki mpaka kikanisa cha mawe kilichoko karibu na kilele, tunasali, halafu tunashukia upande wa pili hadi tunatokea tena shuleni. Ukipita kikanisa kidogo tu, njia inapita juu ya jabali. Pale unaona bonde lote, mtama, mihogo, mabati ya nyumba zetu, na mbali kabisa ziwa linang'aa kama mstari. Watu husimamaga hapo kupumzika.

Mwaka juzi tulibaki nyuma sababu ndala yangu ilikatika. Wenzetu walishatangulia, nyimbo zao zilikuwa zinasikika chini. Nilikuwa nimesali nikapata nguvu, nikamwambia, "Baba Wambura, nikishuka hapa sirudi kwako. Naenda kwa mama na watoto."

Akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Kwenu utarudi ukiwa maiti."

Akanikaba koo kwa mikono yote miwili, akanigongesha kichwa kwenye mwamba. Mara ya kwanza niliona giza. Mara ya pili nikasikia damu ya moto inaingia sikioni. Nilikuwa namwangalia usoni, hakuwa hata na hasira, alikuwa kama mtu anayechinja kuku. Nikakunja goti, nikampiga tumboni, alipolegea nikamsukuma kwa nguvu zote nilizobaki nazo. Alirudi hatua mbili, ya tatu haikupata ardhi.

Watu walisikia kelele, waliporudi mbio niliwaambia ameteleza, na mimi nimeumia nikijaribu kumshika. Walimkuta chini kwenye mawe yuko hai, mgongo umevunjika, kichwa kimeumia, hawezi kusema.

Jioni ile kaka yake mkubwa aliniita pembeni. "Shemeji, nyuma yenu alikuwa nani?"

Nikasema, "Magesa ndiye alikuwa wa mwisho."

Ni kweli alikuwa wa mwisho, lakini alikuwa bado kikanisani anasali. Hilo sikulisema. Magesa ni jirani yetu, na wiki ile walikuwa wamegombana na mume wangu, ng'ombe wameingia kwenye mihogo. Nilijua shemeji atawaza nini, na nikanyamaza.

Siku ya tatu shemeji na ndugu zake walimkamata Magesa akinywesha ng'ombe lamboni. Mimi nilikuwa shambani, kama hatua mia moja kutoka pale. Walikuwa wanne, wana fimbo na panga. Nilisikia fimbo zinavyotua, nikasikia analia kama mtoto, anasema, "Muulizeni mkewe! Mkewe alikuwepo!" Hakuna aliyekuja kuniuliza. Mimi niliendelea kung'oa mihogo. Niling'oa hata ile isiyokomaa. Walimkata vidole vitatu na jicho lake la kushoto likapasuka. Polisi walikuja, kijiji kizima kikasema hakikuona kitu. Magesa akahamishia familia yake Bunda.

Tangu hapo namgeuza mume wangu kitandani, namwosha, namlisha uji kwa kijiko. Kanisani wananisifia kwa moyo wangu. Mwezi uliopita alianza kutamka maneno. Nilikuwa namfuta mdomo, akasema polepole, "Ulinisukuma."

Nikamjibu, "Ndiyo. Ulikuwa unaniua."

Machozi yakamtoka. Sikujua ni ya nini. Halafu akasema, "Usiwaambie ndugu zangu. Watakuua, na mimi nani atanigeuza?" Ndugu zangu wasomaji, hakuniomba msamaha. Hata Magesa hakumtaja, na habari zake anazijua, kaka yake alimhadithia pale pale kitandani akicheka.

Wiki iliyopita nilienda soko la Bunda kununua shuka. Mke wa Magesa anauza nyanya pale. Aliponiona hakunitukana. Alinivuta akaniketisha kwenye ndoo, akasema, "Dada, mume wangu ananiapia kila siku kwamba siyo yeye, na mimi kuna siku namwamini, kuna siku naogopa kulala naye chumba kimoja. Wewe ulikuwepo. Niambie tu, nijue naishi na nani."

Nikamwambia, "Sikuona vizuri."

Akanishukuru, akanifungia nyanya za bure. Nilizitupa stendi kabla ya kupanda gari.

Nikisema, mashemeji nawajua, nimesikia kwa masikio yangu wanavyoua mtu bila kummaliza, na wanangu wamelala nyumba moja na mimi. Nikienda polisi, labda nafungwa, na wao labda wanafungwa, watoto wanabaki na nani. Nikinyamaza, yule mama ataendelea kumwogopa mtu asiye na kosa, ambaye jicho lake limetoka kwa ajili ya mdomo wangu.

Najua wengine mtanitukana, nitukaneni, ila mkimaliza niambieni kitu cha kufanya. Nianzie wapi, kwa yule mama, kwa padri, au polisi? Nisaidieni mawazo, nasoma komenti zote.