Dereva Anasemaje?

Bosi wetu pale Karatu alikuwa mtu wa kusikia jambo Arusha asubuhi, jioni analitaka kwake. Alisikia wenzake wenye kampuni za utalii wana tovuti, basi na yeye akataka tovuti, tena mgeni aliyeko Ulaya abonyeze na kuona papo hapo safari yake itachukua muda gani. Yeye mwenyewe hata kufungua barua pepe hakujua. Nilimchapia mimi, huku amesimama nyuma yangu akinuka marashi.

Hesabu za safari tulikuwa nazo. Karani aliyenitangulia, ambaye alishahamia Moshi, aliziandika zamani kwa BASIC, lugha ya kompyuta ya enzi hizo, kwenye kompyuta kuukuu iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya sebuleni. Kazi yangu ilikuwa kuzihamishia kwenye tovuti. Nilikuwa nimetoka kozi ya miezi sita Arusha, na aisee, nilijiona! Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilivuma Karatu nzima. Niliifungua ile programu nikacheka kwa sauti. Kila mstari una namba, kumi, ishirini, thelathini, kama daftari la mtoto wa darasa la pili.

Mstari wa 340 ndio ulionimaliza. Ukishaingiza unakotoka na unakokwenda, programu ilisimama na kuuliza: DEREVA ANASEMAJE? 1 KAVU, 2 TOPE. Bila jibu, haikuendelea. Maana yake yule karani alikuwa anainuka kitini, anatoka uani, anamwuliza dereva hali ya barabara, anarudi kubonyeza. Nikasema huu ni ushamba mtupu. Kompyuta nzima inamsubiri mzee mwenye ovaroli ya grisi!

Dereva alikuwa Mwiraqw, mtu wa maneno machache, anaijua njia ya Oldeani tangu alipokuwa anaendesha malori ya kahawa. Nilimweleza kwamba tovuti haiwezi kutoka uani kumwuliza mtu.

"Sasa itajuaje?" akauliza.

"Mzee, hayo ni mambo ya kitaalamu."

Utaalamu gani, jamani! Nilifuta swali, nikaweka 1. Kavu, mwaka mzima, masika na kiangazi. Bosi akanipigia makofi.

Aprili wakaja wageni wawili na karatasi waliyoichapa kutoka kwenye tovuti yetu: mashamba ya kahawa Oldeani, kwenda na kurudi masaa mawili, halafu kiwanja cha ndege cha Manyara. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo.

"Leo ni masaa sita," dereva akamwambia bosi, "tena Mungu akitusaidia."

Bosi akampungia ile karatasi usoni. "Kompyuta imesema mawili. Wewe umesoma kuliko kompyuta?"

Wageni wakacheka, ingawa hata Kiswahili hawakukijua. Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Nilijua kabisa nani aliyeandika kavu. Nikanywa chai yangu.

Walirudi jioni, gari limekuwa udongo mtupu, ndege imeshaondoka. Kesho yake asubuhi bosi akamfukuza dereva kwa uzembe, mbele ya wafanyakazi wote. Mtu aliyemtumikia tangu kampuni ina gari moja, na binti yake ndiyo kwanza ameingia kidato cha tatu.

Hakugombana. Alikuja mezani kwangu, kofia mkononi.

"Sina ugomvi na mtu, mwanangu," akasema. "Nataka kujua tu, nani alisema barabara ni kavu?"

Mlango wa bosi ulikuwa wazi, na yeye alikuwa ndani anasikia. Neno moja lingemrudisha mzee kwenye usukani, na lingenitoa mimi kwenye kiti changu. Nimewadharau watu wengi maishani, bosi yule akiwa wa kwanza, lakini hakuna ninayemdharau kama yule kijana wa kozi ya miezi sita aliyekuwa amekaa pale.

"Ni kompyuta," nikamjibu.

Mzee akaigeukia kompyuta, akaiinamishia kichwa kidogo, kwa adabu, kama mtu anayetambulishwa kwa mkubwa wa ofisi. Kisha akavaa kofia yake akatoka.