Fundi wa meno na jeshi la mumewe

Saa nane mchana, karakana ya meno bandia imetulia. Mama Meno ameinamia taa ya spiriti, anapasha moto kisu chembamba cha kuchongea nta. Fizi za nta za mteja wa kesho zimekamilika. Kipande cha nta kilichobaki anakibana kati ya vidole viwili, anakikwangua hapa na pale, na taratibu kinaota kofia ya chuma na mabega.

"Huyu ni askari wa anga," anasema bila kuinua uso. "Raha yake hatarudi kesho kuniambia meno yanambana."

Anacheka, lakini kicheko kinakatika haraka.

Majirani ndio waliompa jina la Mama Meno kwa sababu ya kazi yake. Visanamu ni mapenzi tu, hajawahi kupeleka hata kimoja sokoni. Askari wa sayari za mbali, majoka, wachawi wenye fimbo, wote hawazidi urefu wa kidole gumba. Ndiyo majeshi ambayo yeye na mumewe wamekuwa wakiyapambanisha kwa dadu juu ya meza ya chakula tangu watoto wao wakiwa wadogo.

Yeye alichonga. Mumewe, mchoraji wa mabango ya maduka, alipaka rangi.

"Yule bwana alikuwa na mkono," anasimulia. "Anakuwekea mboni kwenye uso mdogo kama punje ya mchele, na unaona kabisa huyu kaogopa, huyu ana kiburi."

Kisha presha ya macho ikaingia nyumbani kimyakimya. Mzee akawa anajigonga kwenye fremu za milango na kulaumu waliohamisha viti. Walipofika hospitali, daktari aliwaambia kilichopotea hakirudi. Kazi ya mabango ikaishia hapo, naye akahamia mezani kwenye visanamu, kutwa nzima.

Aliendelea kupaka, ila rangi zikaanza kwenda kombo. Macho ya askari yakatua mashavuni. Joka likabaki na bawa moja jeupe. Na kila alipomaliza kimoja alimnyooshea mkewe: "Vipi hapo, bibie?"

"Ningemwambia nini?" anauliza Mama Meno. "Nilimwambia umetisha."

Akaanza kuvibeba kwa siri hadi karakanani. Aliviosha kwa spiriti, akavipaka upya mwenyewe, kisha akavirudisha kabatini. Hakutaka wajukuu wakija wamcheke babu yao.

Jumapili moja binti yao alikuja kuwasalimia, wakapanga majeshi mezani. Mzee alipapasa, akamshika askari mmoja, akamsogeza puani. Umri wake wote ameishi na rangi. Harufu ya spiriti hawezi kuikosea.

"Huyu kaogeshwa," alisema. Akanusa wa pili, akanusa na wa tatu. "Hawa wote wameogeshwa."

Binti alijaribu kuokoa mambo. "Baba, labda Mama alikuwa anafuta vumbi."

"Vumbi halifutwi kwa spiriti, mwanangu." Mzee aligeukia upande aliodhani mkewe yupo, kumbe amesimama upande wa pili. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, baba watoto."

"Kwa hiyo mwaka mzima nilikuwa nachezea tope, na wewe unanipigia makofi."

Aliingiza brashi zake kwenye kopo na hajazigusa tena. Sasa anashinda kwenye kiti cha dirishani, redio imezimwa. Anakula akiambiwa ale. Mkewe alimwomba radhi mpaka maneno yakamwishia. Alimletea askari mmoja ambaye alikuwa bado hajamwosha.

"Macho yake yako wapi?" mzee aliuliza.

"Mashavuni," alijibu mkewe, safari hii bila kuficha.

"Mtupe."

Hakumtupa. Anatembea naye kwenye mfuko wa koti la kazi.

Wiki hizi Mama Meno anachonga tofauti. Mikunjo ya mavazi anaichimba kwa kina, na kingo anaziinua ili ukucha uweze kuiongoza brashi. Anasema atakachopaka mumewe ndicho kitakachobaki, hata akipaka jeshi zima rangi moja.

"Ninachotamani ni anigombeze," anasema. "Mtu akikugombeza, bado yupo na wewe."

Jioni, sebuleni, anamwekea askari mpya kiganjani. Makopo ya rangi ameshayafungua, yako tayari mezani. Kidole gumba cha mzee kinapita kwenye kofia, kinashuka usoni, kinasimama hapo kwa muda.

Kisha mzee ananyoosha mkono kumrudishia.

"Asante, mama," anasema, kwa adabu ile ya kumjibu mtu aliyekupisha njiani. "Nimechoka."

Mkewe anampokea askari na kufunga makopo, moja baada ya jingine.

"Kesho nitakuletea mwingine," anamwambia.

Mzee ameshageukia dirishani.