Shamba la Mama Mkwe na Njia ya Trekta

Ile miaka ya shida jembe langu lilikuwa limelika mpaka likawa kama kijiko. Dukani hakuna jembe, hakuna sabuni, mtu akienda Musoma anarudi na habari tu. Halafu serikali ikatoa ruksa ya biashara. Watu wakaanza kuleta vitu, na tajiri mmoja wa Bunda, pale Nyasura, akaleta trekta ya kukodisha. Ilikuwa kuukuu, huelewi kama ile ni rangi nyekundu au ni kutu, lakini sisi huku upande wa Murangi tuliiona kitu cha ajabu.

Mama mkwe wangu alikuwa amenipa shamba lake la bondeni, lile la karibu na ziwa, ndo zuri kuliko yote. Alisema nilime mwaka mmoja aone. Nikiliharibu analichukua, mimi na mume wangu na watoto watano tunabaki na kale kashamba ka juu kwenye mawe. Kule juu hata mtama ulikuwaga unaota kwa kubembelezwa.

Basi nikatoa mbuzi wawili, nikaandikwa foleni ya trekta. Zamu yangu ikaangukia siku ya pili baada ya mvua kubwa. Mama mkwe akaja, akakanyaga, akanyanyua mguu, udongo umemshika mpaka kwenye kifundo. Akaniambia ningoje siku nne, udongo ukinata hivyo huingizi hata mbuzi. Dereva naye akasema kesho yeye anaenda Butiama, harudi. Nikamwangalia mama mkwe, nikaangalia trekta. Nikachagua trekta.

Yule dereva tairi zake alizijaza upepo mpaka ukizipiga kofi zinalia kama ngoma. Tyubu zilikuwa viraka vitupu, akasema tairi ikilegea tu, kiraka kinaachia. Akalima, ikapendeza, udongo mweusi umegeuka wote. Ningeishia hapo ningekuwa na hadithi nyingine. Lakini wanawake wenzangu wa kwaya walikuwa wamejaa pembeni wanatazama, na mmoja akasema, "Wewe mwenye trekta, mbona hata kupanda hupandi?"

Nikamwambia dereva afunge tela. Tukapanda wanawake kumi na kitu, tunaimba, tukazunguka lile shamba bichi kama tunampeleka bibi harusi. Tukarudia, tukarudia tena, mulemule. Kona ya chini tukanasa, akakanyaga mafuta, tukatoka, tukapiga vigelegele. Nilifurahi siku ile, siwezi kudanganya.

Mahindi yakaota. Kwingine yakanipita kichwa. Pale tulipopita yakaishia kwenye magoti, ya njano, na mvua ikinyesha maji yanasimama humo, vyura wanalia. Na shamba lenyewe liko kando ya njia ya kwenda kuchota maji. Watu walikuwaga wanasimama na ndoo kichwani wanaisoma ile safari yetu yote. "Hapa ndo mlikata kona, eti shemeji? Na hapa ndo mlinasa."

Mama mkwe alingoja mpaka tunavuna. Siku hiyo akachimba pale kwenye mstari. Jembe likaingia kiganja kimoja, likagonga kama limekuta tofali. Akang'oa shina la mahindi akanionyesha mizizi. Ilikuwa imeshuka kidogo, imekuta kugumu, ikajikunja ikaenda pembeni. Akang'oa na la hatua mbili kutoka pale, mizizi yake imejiendea chini yenyewe. Mimi nilidhani udongo ukishalimwa umelegea, umemaliza. Sikujua uzito wa juu unaweza kubana mpaka huko chini, tena udongo ukiwa umelowa na tairi ngumu vile ndo zaidi.

"Mkamwana, shamba langu nimechukua," akasema. "Wewe nakuachia njia yako."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Msimu uliofuata akalima shamba lake, na mimi nikalima mistari miwili inazunguka ndani ya shamba la mtu, na kona zake. Nimelima hivyo miaka mitatu. Watoto walikula mtama wa kule kwenye mawe na dagaa, na njaa waliiona. Nilichimba kwa mtaimbo, wale wa kwaya wakaja kunisaidia siku mbili maana nao walipanda lile tela. Nikafukia samadi na mabua, nikaweka mbaazi, halafu mihogo. Mihogo ya kwanza ilitoka mifupi, minene, imepinda kama kiwiko. Mume wangu akaniuliza kama hiyo nayo ilikata kona.

Mwaka wa tatu mama mkwe akapita asubuhi nikiwa napalilia. Akashika shina moja katikati ya mstari, akalitikisa, akavuta. Muhogo ukatoka mzima, mrefu kama mkono wangu, umenyooka. Akaugeuza huku na huku, akaukung'uta udongo, akauweka kichwani akaenda nao kwake. Jioni akamtuma mume wangu aniambie, mvua ikija nipande mahindi shamba zima.