Siku Tatu za Kumwachisha Ziwa

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na miezi tisa nilipojua nina mimba nyingine. Tuliishi Bungulu, mjini Beni, nyumbani kwa mama mkwe. Mume wangu alikuwa amekwenda kununua kakao vijijini, barabara ikafungwa nyuma yake kwa sababu ya vita. Kwetu Butembo nako hakukufikika. Wiki hiyo hata malori hayakuthubutu kutoka.

Mama mkwe aliniona nikitapika, akasema, "Maziwa ya mimba ni sumu. Hapana nyonyesha tena."

"Mama, muuguzi alisema naweza kuendelea."

"Huyo muuguzi amezaa bangapi? Mimi nilizaa munane, bote nilibaachisha hivi. Mtoto akisikia harufu yako hatakula. Utabakia mu chambre siku tatu."

Hakunisukuma. Niliingia chumbani kwa miguu yangu, akafunga mlango kwa nje kwa kadena, kufuli lake. Nilimheshimu, na pia niliogopa: itakuwaje kama ni kweli, nimuue mwanangu kwa ubishi?

Siku ya kwanza mtoto alilia mlangoni, akikwaruza ubao kwa kucha. Maziwa yalinitoka yenyewe, kitenge kikalowa. Nilipomwambia, "Niko hapa, baba," mama mkwe akajibu yeye: "Nyamaza. Unamuongezea." Nikauma nguo. Siku ya pili sauti ilimkauka. Siku ya tatu sikumsikia kabisa, na hiyo ndiyo iliyonishinda. Nilipiga mlango kwa viganja hadi vikavimba. Mama mkwe alinipitishia maharage ya moto dirishani, akaniambia nile, nina mtu tumboni.

Alipofungua alirudi kuketi, akampakata mtoto, akaendelea kumlisha uji mweupe wa muhogo. Mtoto alinitazama, akaficha uso kifuani kwa bibi yake.

"Unaona? Anakula."

Wiki chache baadaye miguu ya mtoto ilivimba. Mama mkwe akaanza kutafuta majani ya kumpaka. Nilimbeba mgongoni nikatoka bila kuomba ruhusa. Akanifuata mpaka kituo cha afya.

Muuguzi alibonyeza mguu, shimo la kidole likabaki.

"Anakula nini?"

"Uji wa muhogo," nikasema.

"Na nini?"

Mama mkwe akajibu mwenyewe, polepole: "Na kitu hapana."

Muuguzi hakutugombeza. Alimpa mtoto dawa na chakula cha matibabu, akatufundisha kuchanganya soya, karanga na samaki wakavu waliotwangwa, wa kijiji cha wavuvi cha Kyavinyonge. Akaniambia nimrudishe kwenye ziwa. Nilijaribu siku nyingi. Aligeuza kichwa kila mara, na maziwa yalikuwa yamekwisha.

Alipona. Mama mkwe ndiye aliyetwanga samaki, akichuja miiba kwa kitambaa. Habari za kile chumba hatukuzizungumza.

Binti yangu alipozaliwa, nilimwambia, "Mama, huyu nitamuachisha mwenyewe, wakati nitaona inafaa."

"Sawa," akasema, akachukua beseni la nguo za mtoto akatoka nalo. Mwanangu mkubwa akamfuata. Hadi leo, akianguka, hukimbilia kwa bibi yake.