Shule Yetu Iko Baharini

Mwalimu Kenga alikuwa mrefu, mwembamba na mbishi. Alifundisha Jiografia pale Kakuyuni bila cheti cha ualimu, na mwaka 1987 akaambiwa mkaguzi anakuja Septemba. Akisifiwa, ataenda chuoni. Asiposifiwa, arudi kulima mihogo. Nami shamba lake nililiona, nikaihurumia mihogo.

"Mwalimu Mahfudha," akaniambia, "nitawafundisha watoto kujua walipo kwa saa za mawio na machweo. Ila saa sina."

Kiherehere changu! Nikamwambia kwamba baba yangu, Mzee Mbaruk, anayo saa nzuri aliyotoka nayo Lamu. Tulikaa ng'ambo tu ya uwanja wa shule. Siku tano mfululizo wanafunzi walikuja barazani kwetu, jua likichomoza na likizama, "Shikamoo babu, saa ngapi?"

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi: tafuta katikati ya mawio na machweo, hapo ndipo jua liko utosini. Saa za Kenya zimepangwa kwa digrii arobaini na tano mashariki, ambako jua hufika utosini saa sita kamili. Likiwahi dakika nne, uko digrii moja mashariki zaidi. Likichelewa, uko magharibi.

Mkaguzi, Bwana Maina, akaketi nyuma ya darasa. Harusi, bingwa wetu wa hesabu, akasimama.

"Mawio, kumi na moja na dakika hamsini na tatu. Machweo, kumi na mbili kamili. Tuko karibu digrii arobaini na sita."

Maina akafuata ramani kwa kidole. Kidole kikaishia majini.

"Shule hii iko baharini?"

"Ndiyo, bwana," akajibu Harusi bila haya. "Mbali sana."

Darasa likaangua kicheko. Maina akasema ripoti ataiandika jioni ile ile, na kesho saa moja asubuhi atapanda basi aipeleke.

Nilikwenda nyumbani nimefura.

"Baba, jana jua limetua saa ngapi?"

"Kumi na mbili kamili."

"Na juzi?"

"Kumi na mbili kamili. Kila likitua naitia saa sawa. Au wataka nilitie sawa jua?"

Nimezaliwa nyumba ile, nimemwona akiizungusha saa kila magharibi, na sikuwaza! Nilijichukia. Baba naye, nilipomweleza yaliyompata Kenga, akaona haya, akamwalika mkaguzi chakula baada ya swala. Maina alikula samaki wa nazi mpaka akalegeza mkanda, lakini hata nilipomweleza habari ya saa ya baba, moyo haukulegea. "Asiyejua shule yake ilipo, chuoni atafikaje?" Ripoti alikuwa nayo mfukoni.

Asubuhi akarudi shuleni amejaa vumbi, anafoka. "Nimefika kituoni saa moja kasoro dakika tatu, basi limekwishaondoka!"

Baba alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa, kaja kumwombea Kenga msamaha. "Pole, mwanangu. Saa yako jana ilikuwa inakimbia. Ulipoivua unawe mikono nikaitia sawa. Ilikuwa imezidi dakika ishirini na tatu."

Kenga akauliza, "Harusi, Bwana Maina yuko wapi?"

"Baharini, bwana. Digrii arobaini na sita."

Maina akaitazama saa yake. Akamtazama baba. Kisha akacheka mpaka akashika dawati. "Haya, nirudisheni nchi kavu!"

Harusi akaongeza zile dakika ishirini na tatu ubaoni. Mawio kumi na mbili na dakika kumi na sita, machweo kumi na mbili na dakika ishirini na tatu. Akagawa, akatoa, akafika digrii arobaini na kitu kidogo. Maina akaweka tena kidole kwenye ramani, safari hii kikatua Kakuyuni.

Akaichana ripoti ya kwanza, akaandika nyingine pale pale juu ya meza ya Kenga. Kenga aliisoma akalia mbele ya darasa zima, nami nikalia naye. Januari alikuwa chuoni.

Baba akanyoosha mkono. "Lete basi hiyo saa niitie sawa."

Maina akauficha mkono wake mgongoni.