Fundi wa Miwani na Mama wa Kimulot

Jumanne asubuhi dereva wa gari la maziwa alisimama mlangoni kwangu akaniambia kwamba fundi wa miwani wa Kaplong ametutoka. Kifua kilimsumbua tangu mvua zianze, na wamemzika Kimulot, kwenye shamba la chai la mkewe. Hakuwa ndugu yangu. Lakini nilipokuwa nikifundisha upande ule, mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, miwani yangu ilikuwa ikivunjika mara kwa mara, na chumba chake nyuma ya duka la dawa kilikuwa mahali pazuri pa kungojea mvua ipungue. Msomaji wa safu hii ataniwia radhi leo nikiiacha siasa.

Siku zile alikuwa mgane, mtu wa upande wa ziwa aliyekuja kutafuta kazi katika kiwanda cha chai akaishia kukata lenzi. Siku moja nikiwa pale aliingia mama mjane wa Kimulot, miwani ikiwa mfukoni. Fundi akamwuliza kwa nini haivai. Akaeleza kwamba kwao, karibu na msitu, asubuhi ni ukungu mtupu. Akivaa, vioo vinakuwa vyeupe. Akivua, haoni chipukizi, anachuma majani magumu, na karani wa kupima chai anamrudishia nusu ya kikapu mbele ya majirani. Alikuwa karibu kumwachia shemeji shamba. Aliyasema hayo akitazama sakafu. Fundi akachukua kipande kikavu cha sabuni, akapaka vioo pande zote, akasugua kwa kitambaa cha pamba mpaka vikang'aa. Sasa, akamweleza, unyevu utatandaa mwembamba badala ya kusimama matone matone, naye ataona. Akamfundisha kupaka mwenyewe.

Siku ya soko iliyofuata alirudi, akisema mvua imeosha sabuni. Ikawa hivyo kila soko, na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, mkononi. Kazi ile hata mtoto angeiweza, ila hakuna kati yao aliyelitaja hilo. Miaka ile mtu wa ziwani kuzoeana na mjane wa Kipsigis halikuwa jambo dogo. Wenzake kadhaa, kwa kuhofia mapigano ya makabila, walikuwa wamepakia vyombo wakarudi makwao. Aliniambia kwamba anaogopa, lakini anaogopa zaidi soko ambalo mama yule hatakuja.

Kisha mchuuzi kutoka Nairobi akaleta lenzi za plastiki zilizopakwa utando mwembamba usioonekana. Fundi aliipulizia moja pumzi, haikushika ukungu. Akaidondoshea maji, yakateleza kama kwenye jani la nduma. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akakitazama kipande cha sabuni mezani. Nikamwambia, nusu kwa mzaha, aifiche kwenye droo kwanza.

"Mwalimu," akanijibu, "huyu mama anataka kuona majani."

Alizikata kwa kipimo cha mama yule. Mama alipokuja, akamvisha na kumwambia, "Hii haitaki sabuni. Sasa hakuna haja ya kutembea mbali hivi." Mama akatoka nje kwenye manyunyu, akatazama milima, akashukuru, akaenda zake. Fundi akabaki akifuta meza iliyokuwa safi.

Soko lililofuata hakuja. Soko la pili akatokea mlangoni, miwani usoni, haina hata tone. Fundi akainuka kwa haraka, akauliza kama utando umetoka.

"Iko sawa," mama akasema. "Nimekuja tu, daktari."

Walioana mwaka uliofuata. Ndugu za mama walinuna, kisha wakazoea. Nilipokwenda kumpa pole juzi, aliniambia kwamba mumewe hakuwahi kumwuliza kwa nini alikuja siku ile. Alimwekea kiti tu, na chai.

Sisi walimu, makarani, waheshimiwa, hata waandishi wa magazeti, tunapenda kuhitajiwa. Tunaficha fomu, tunaficha maarifa, watu warudi kesho wapange foleni mlangoni, kisha foleni ile tunaiita heshima. Fundi huyu alimkabidhi mtu aliyempenda kitu cha kumfanya asimhitaji tena, bila kujua kama angemwona tena. Nimefundisha wengi na kuwasaidia wachache, na leo najiuliza ni nani kati yao angebisha mlango wangu siku ambayo hana shida yoyote. Huyo mmoja, akiwapo, ndiye aliyekuja kwangu. Wengine walifuata tu funguo nilizoshika.